Mguu wa Kukanyagia

Siku majina ya waliochaguliwa kusomea udaktari yalipotoka, fundi cherehani alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyooa. Alisimama kizingitini, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akapaza sauti mpaka muuza dawa wa upande wa pili wa barabara akatoka nje kutazama kulikoni.

"Kuanzia leo nyumba hii ina daktari!" alitangaza. "Mimi sitibiwi tena na mtu baki!"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anatania, ila hakuna aliyejua.

Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa anasifiwa hivyo, alikuwa nyuma ya pazia linalotenganisha duka na vyumba vyao viwili, akitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu akiwa mdogo walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Alikuwa mtu wa vitabu. Mgeni akimwuliza swali, alijibu kwa kichwa. Akitumwa dukani, alinunua kwa kuonyesha kidole. Kwa kuwa ndiye mtoto pekee, na baba alikuwa na maneno ya kuwatosha wawili, hakuna aliyemlazimisha kusema.

Na baba huyo alikuwa na cherehani moja tu maishani, ile nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, ambayo nakshi zake za dhahabu zilikuwa zimelika pale viganja vyake vilipopita miaka na miaka. Wateja walimshauri anunue ya umeme. "Ya umeme inakimbia kuliko akili yangu," aliwajibu. Alikanyaga kwa mguu wa kulia. Kandambili ya kulia ilitoboka mapema, ya kushoto ikabaki nzima, na kibarazani kulikuwa na rundo la kandambili za kushoto zilizokosa wenzao.

"Mguu huu wa kulia ndio uliokusomesha," alipenda kumwambia Kimya. "Wa kushoto ulikuwa unanisindikiza tu."

Kimya alikulia ndani ya mlio wa cherehani ile. Alisoma nao, akalala nao. Ukisimama, alijua baba anakata uzi. Ukienda polepole, alijua amefika kwenye kona ya kola.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi aje na koti jeupe. Fundi alinunua kitambaa mwenyewe, kizito na cheupe mno, akakiweka rafu ya juu, mbali na suruali za watu. "Hili silishoni kwa haraka," alisema. "Hili nitalishona kama nashona jina langu."

Tangu siku hiyo hawakupumua. Majirani walianza kuja na maradhi yao, kwanza kwa mzaha, halafu si kwa mzaha. Mmoja alitoa ulimi mlangoni. Mwingine alimletea mtoto mwenye kikohozi. Wa kwanza wao wote alikuwa shangazi, dada mkubwa wa fundi, aliyeingia akichechemea na kujitupa juu ya kiti cha wateja.

"Dokta, goti langu linalia kama mlango wa choo."

"Shangazi, sijaanza hata kusoma."

"Ndiyo vizuri. Kichwa bado hakijachoka. Hebu lishike."

Kimya alilishika, kwa kuwa kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Shangazi akafumba macho, akashusha pumzi. "Mnaona? Mkono tu, na maumivu yameshuka." Fundi alicheka nyuma ya cherehani, akakanyaga kwa fahari.

Ni katika wiki hizo Kimya alipoanza kuona vitu.

Kwanza alikuwa akifagia duka asubuhi, akakuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka mlangoni. Alidhani kuna sukari imemwagika. Aliufuata mstari kwa ufagio mpaka chini ya cherehani, ukaishia kwenye kandambili ya kulia ya baba yake. Hapakuwa na sukari. Walikuwa wanazunguka mahali kisigino na vidole vilipoacha alama, wengi, bila haraka, kama watu waliofika walikokuwa wanakwenda. Akaipangusa, akanawa mikono, akajisahaulisha.

Halafu ikaja soksi. Fundi, ambaye hakuwahi kuvaa soksi hata siku ya harusi za watu, sasa alishinda na soksi nene mguu wa kulia, joto liwe kali vipi. Na alianza kunukia poda ya watoto.

"Nazeeka," fundi alimjibu mama alipomuuliza. "Wazee hunukia hivi."

Mama, ambaye alikuwa mpishi wa shule na alirudi nyumbani jioni akiwa hoi, alicheka, akaendelea kupumzisha mgongo.

Siku moja Kimya alimpelekea baba chai, akaona kitu kinang'aa ubavuni mwa mguu wake. Kilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa imezama ndani ya soksi, na ndani ya nyama, na baba alikuwa anakanyaga huku anapiga mluzi.

"Baba, umechomwa."

Fundi aliinama akautazama mguu wake kama mtu anavyotazama mzigo wa mwenzake. "Ala!" Aliichomoa, akaipangusa kwenye suruali, akaichomeka kwenye kimto cha pini. "Fundi akisikia kila pini, atashona saa ngapi?"

Kimya alicheka. Baadaye kicheko hicho kilimrudia mara nyingi, na kila kiliporudi kilikuwa kirefu zaidi.

Chuo kilitaka pia apimwe afya. Alikwenda hospitali kubwa peke yake, akaketi kwenye benchi refu la kijani, akisubiri kuitwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatazama majengo yale kama mahali atakapofanya kazi. Alitazama taa, vitanda vya magurudumu, manesi wanaotembea bila kutoa sauti, na alijisikia vizuri, kama mgeni anayetembezwa kwenye nyumba atakayohamia. Ndipo harufu ikamfikia.

Ilikuwa harufu ya utamu ulioharibika. Haikuwa kali. Alikuwa anaijua. Alihangaika akilini kama mtu anayetafuta jina la sura aliyoizoea, akageuka, akaona mwanamume ameketishwa kwenye kiti cha magurudumu karibu yake, mguu wake mmoja umeviringwa bandeji mpaka ukawa mkubwa kama mtoto mchanga. Aliijua harufu ile kutoka nyumbani. Ilikosa poda tu.

Alimgusa nesi aliyekuwa anapita na, kwa shida, akauliza, "Huyu anaumwa nini?"

"Sukari," nesi alijibu bila kusimama. "Mguu umekufa ganzi, mtu hajui anaoza. Wanatuletea wameshachelewa, halafu wanatuangalia sisi."

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno. Angesema hivi, baba angesema vile, naye angejibu hivi. Alipofika nyumbani duka lilikuwa limejaa watu, na kila mtu akasema, "Dokta huyo!" Maneno yote yakampotea.

Alipata nafasi siku ya kupimwa koti. Fundi alimsimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti mbele yake kupima pindo, pini zikiwa zimebanwa midomoni. Kutoka juu, Kimya aliona utosi wa baba yake, mvi zilizoanza kuzunguka sikio, na nyuma yake ule mguu, umekaa upande kama kitu kilichosahauliwa pale.

"Baba. Mguu wako."

"Mmm."

"Vua soksi nione."

Fundi alitoa pini midomoni moja moja. Alisimama, akaenda mlangoni, akafunga. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja na kuvua soksi taratibu, na Kimya akaona kwamba alikuwa anaisubiri siku hii, na hata anaionea fahari.

Kidonda kilikuwa chini ya dole gumba, kikubwa kama kifungo cha koti. Kingo zake zilikuwa nyeupe, zimekakamaa. Katikati palikuwa peusi.

"Hakiumi hata kidogo," fundi alisema. "Kingekuwa kibaya si kingeuma? Nimekuwekea wewe. Nilisema mbele ya watu sitibiwi na mtu baki."

"Baba, twende hospitali. Leo."

"Babu yako aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Mimi siendi huko mpaka uwe wewe ndani." Alishusha sauti. "Na mama yako asijue. Ana roho nyepesi yule. Wewe kisafishe tu, ukifunge. Unaogopa, Dokta?"

Mtaa mzima ulikuwa umemwita hivyo, na kila mara alitaka kujificha. Lakini baba alilisema neno hilo polepole, bila mzaha, kama anavyomwita mteja wa heshima, na Kimya alihisi mgongo wake ukinyooka. Alipaswa kufungua mlango na kupiga kelele. Badala yake alikwenda kuchemsha maji.

Kesho yake alivuka barabara kwenda duka la dawa. "Karibu, Dokta!" muuza dawa alisema. "Leo tunahudumia wakubwa." Kimya alionyesha kidole: bandeji, spiriti, vile vidonge vya rangi mbili. Muuza dawa alivifunga vyote bila kumuuliza ni vya nani. "Wewe nikuulize nini? Wewe ndiye wa kutuuliza sisi."

Hivyo ndivyo kazi yake ya udaktari ilivyoanza. Kila mama alipotoka kwenda kupika, baba na binti walifunga mlango. Kimya alisafisha, akapaka, akafunga bandeji kwa unadhifu mkubwa, ncha zikilingana, fundo limelala upande usiobanwa. Fundi alimsifu. "Mkono huo! Nesi gani anafunga hivi?" Na juu juu kidonda kilionekana kupata nafuu. Kilikauka. Kimya akaanza kutembea kwa namna nyingine. Alimwambia shangazi aweke kitambaa cha moto kwenye goti, shangazi akaweka, na mtaa ukamsifu kwa hilo pia.

Lakini masikio yake hayakudanganyika. Akiwa ndani na kitabu kizito alichoazimwa na mwanafunzi aliyemtangulia, alisikia cherehani ikikwama mahali ambapo hapakuwa na uzi wa kukata wala kona ya kugeuza. Ilikimbia, ikasita, ikakimbia tena. Alitoka kutazama. Baba alikuwa anashona koti, na mshono wa ubavu ulikuwa umepinda. Mtu ambaye zamani alikuwa akiwafumulia vijana aliowafundisha kushona kazi nzima kwa mshono uliohama unene wa uzi, alikuwa ameutazama mshono ule na hakuuona.

"Nitaurekebisha," Kimya alisema.

"Kuna nini cha kurekebisha?"

Siku iliyofuata dole gumba lilikuwa na rangi ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Kimya alilitazama kwa muda. Maji kwenye beseni yalipoa. Alijua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakuwa na haja ya shule yoyote ili ajue. Lakini akisema, angelazimika kueleza zile siku zote zilizopita. Basi akazungusha bandeji juu ya kile alichokiona, ncha zikalingana.

"Vipi, Dokta?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Mlio ulikatika siku moja kabla ya saa ya chakula cha mchana. Haukusita kama siku nyingine, ulikatika tu. Kimya alingoja mguu ukanyage tena. Alisikia pikipiki zikipita, mtoto wa jirani akilia, chuma cha dirisha kikigongwa na upepo. Alipoinua pazia alimkuta baba ameegemea cherehani kama mtu anayenong'ona nayo, shavu juu ya koti jeupe, jasho limelowesha kola. Alikuwa anatetemeka mwili mzima isipokuwa mguu wa kulia. Ule ulikuwa umetulia juu ya pedeli.

Alikimbia kumwita shangazi, shangazi akatuma mtu shuleni, mama akaja na aproni yake bado kiunoni. Mama ndiye aliyeivuta soksi. Harufu ikajaa duka, na shangazi akaziba pua kwa ncha ya kanga, kisha akaona aibu, akaachia.

"Hiki ni nini?" mama alisema. "Nani alikuwa anajua hiki?"

Mama aliitazama ile bandeji, jinsi ilivyofungwa vizuri, jinsi fundo lilivyolazwa upande. Kisha akamtazama mwanawe. Hakuuliza tena.

Walimkimbiza hospitali kubwa. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu kwa uchovu na sauti ya chini. Aliukagua mguu, akaugusa hapa na pale akipanda juu, akisubiri fundi astuke. Fundi hakustuka mpaka mkono ulipokaribia goti.

"Nani amekuwa akisafisha?"

"Mimi," Kimya alisema, na sauti yake haikumfikia mtu yeyote.

Daktari hakupoteza muda. Alisema mguu umeshakufa mpaka juu ya kifundo cha mguu, sumu imeingia kwenye damu, na inapanda. Ukikatwa leo chini ya goti, mgonjwa ana nafasi nzuri ya kupona. Kesho itakuwa juu ya goti. Keshokutwa hakuahidi kitu.

"Hukati," fundi alisema kutoka kitandani. Midomo ilikuwa imemkauka lakini maneno yalikuwa bado ni yake. "Unajua mguu huu ni wa nini? Mguu huu ndio wa kukanyagia. Wa kushoto nakupa bure, chukua sasa hivi."

"Mzee, wa kushoto hauumwi."

"Basi ngoja. Mimi nina daktari wangu."

"Daktari gani?"

Fundi aliinua kidole chenye sugu ya mkasi, akakielekeza ukutani ambako Kimya alikuwa amejibanza. "Yule. Yule ndiye anayenitibu. Akisema mnikate, nikateni. Akisema tuendelee na dawa zake, tunarudi nyumbani sasa hivi."

Wote wakageuka. Mama, shangazi, nesi aliyeshika trei. Daktari alimtazama Kimya, akaelewa mengi kwa mara moja, na uso wake ukawa mgumu, kisha ukalegea. "Sema naye," alimwambia. "Mimi ananiona adui."

Kimya alisogea mpaka kando ya kitanda. Sentensi moja ilikuwa tayari kinywani, nyepesi, ingemfurahisha baba: tujaribu siku mbili tatu. Wangempakia, wangerudi, angemwita Dokta njia nzima. Na baada ya siku hizo mbili tatu, pazia la duka lingefungwa na viti vingetolewa nje kwa ajili ya watu wa msiba. Aliyaona yote kama mtu anayetazama kwa dirisha.

Alitikisa kichwa kuelekea kwa daktari, kumaanisha ndiyo, akate.

"Hapana," fundi alisema. "Si kwa kichwa. Neno kama hili halisemwi kwa kichwa. Fungua mdomo."

"Mimi si daktari, baba."

Safari hii sauti yake ilisikika.

"Sijui kitu. Ningejua ningekuleta hapa siku ile ile. Niliona dole likigeuka rangi, nikalifunika. Nilipenda ulivyokuwa unaniita." Alishika ukingo wa kitanda. "Wakate. Wakate leo, wasingoje kesho."

Fundi alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kuweka mkasi, akijua ukishakata huwezi kurudisha.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Haya." Akageuza uso upande wa ukuta. "Daktari wangu amesema."

Walimkata alasiri hiyo. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mama alikuwa akija na kuondoka, akizungumza na Kimya juu ya maji, shuka na sabuni, na si juu ya kitu kingine. Shangazi hakutaja goti.

Siku ya kuondoka kwenda chuo ilipokaribia, koti lilikuwa bado halijaisha. Mafundi wengine walijitolea, Kimya alikataa. Alilibeba mpaka wodini pamoja na sindano na uzi, akaketi kando ya kitanda cha baba yake, akaanza kushona pindo kwa mkono. Mshono wa ubavu, ule uliopinda, aliuacha.

Fundi alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Aliifuata sindano kwa macho.

"Mshono mrefu huo," alisema. "Utakatika."

Kimya alifumua, akaanza upya, mfupi zaidi.

"Dokta!" mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyeona lile koti, aliita. "Dokta, hebu njoo uone na mimi."

Kimya hakuinua kichwa. "Mimi ni mwanafunzi," alisema. "Ngoja nikuitie nesi." Akainuka, akaenda, akamwita, akarudi kuketi.

Fundi alikuwa amefumba macho. Kimya akadhani amelala, akavuta uzi, akachoma, akavuta. Ndipo akaona shuka linacheza. Si upande wa kushoto, ambako mguu ulilala umenyooka chini ya shuka. Ni upande wa kulia, pale shuka lilipoanguka na kulala bapa kabla ya kufika mwisho wa kitanda. Kile kipande kifupi kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kwa mwendo ule ule aliolala nao utotoni.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Unafanya nini?"

"Shona," fundi alijibu bila kufumbua macho. "Mimi nakukanyagia."